Herufi 13 za Zheng Yuxiu

Kifungu cha 972 katika Sheria ya Kiraia ya China ya mwaka 1930 kina herufi 13 tu za Kichina. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku kinasema kwamba uchumba utafungwa na mwanamume na mwanamke wanaohusika, wao wenyewe. Hakimtaji baba. Hakimtaji babu wala bibi. Hata mshenga, ambaye kwa karne nyingi hakuna ndoa ya heshima China iliyofungwa bila yeye, hayumo.

Uzito wa herufi hizo hauonekani mpaka ujue kilichokuwapo kabla. Katika mila ya Kichina ndoa ilikuwa mkataba wa nyumba mbili. Wazee wa upande huu walimtuma mshenga kwa wazee wa upande ule, hati zenye tarehe na saa za kuzaliwa zikabadilishwa, nyota zikatazamwa, zawadi zikapelekwa. Zawadi ikishapokelewa, neno limekwisha. Chini ya sheria za ufalme wa Qing, mzee wa binti aliyevunja uchumba uliokwisha kukubaliwa alichapwa viboko. Kijana na binti walikuwa kitu kinachojadiliwa ndani ya mkataba. Hawakuwa pande za mkataba. Wengi walionana uso kwa uso kwa mara ya kwanza siku ya harusi, shela lilipofunuliwa.

Kamati iliyoandaa sheria mpya ilikuwa na watu watano: Fu Bingchang, Jiao Yitang, Shi Shangkuan, Lin Bin na Zheng Yuxiu. Wanne wanaume, mmoja mwanamke. Huyo mmoja, Zheng Yuxiu, ndiye mwanamke wa kwanza wa Kichina kufanya kazi ya uwakili nchini mwake. Ufaransa walimjua kwa jina la Soumay Tcheng, na Marekani wakamwita Madame Wei Tao-ming, kwa jina la mumewe. Wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa mabomu aliyobeba kwenye masanduku na kwa tawi la waridi ambalo nitalieleza hapa chini. Ni hadithi tamu, nami sitawanyima. Lakini ukiniuliza kama mtu wa sheria, nitakuambia mabomu yake hayakuangusha kitu kilichodumu kuangushwa. Kilichodumu ni karatasi.

Sisi mawakili tuna swali moja la kumuuliza kila shahidi: uliona kwa macho yako au uliambiwa? Kwa Zheng kuna swali la pili, nalo ni la maslahi. Alisimulia maisha yake katika vitabu vitatu: kimoja kwa Kifaransa mwaka 1920, kingine mwaka 1926 kwa mkono wa mwandishi wa Kimarekani, B. Van Vorst, na cha mwisho mwaka 1943, alipokuwa mke wa balozi na China ikihitaji huruma ya Wamarekani katika vita. Mtu anayejieleza mara tatu, kila mara mbele ya hadhira anayetaka kitu kutoka kwake, hatumwiti mwongo. Tunamsikiliza huku kalamu iko mkononi.

Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Guangdong, kwenye wilaya ambayo leo imemezwa na jiji la Shenzhen. Babu yake alitajirika kwa majengo ya Hong Kong. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya mfalme mjini Beijing. Ilikuwa nyumba ya watumishi wengi, ya bibi mzaa baba mwenye neno la mwisho, na ya mabinti waliofungwa miguu. Kufungwa miguu kwataka maelezo, maana wengi husoma maneno hayo wakadhani ni kuvishwa viatu vya kubana. Mtoto wa miaka mitano au sita alikunjwa vidole vinne vya kila mguu chini ya unyayo, akavilingirishiwa kitambaa kirefu kilichokazwa siku baada ya siku, mpaka mifupa ikavunjika na kukaa hivyo. Mguu mzuri ulikuwa ule unaoenea kwenye kiganja cha mkono. Zheng anasimulia kwamba alipiga kelele, akavingʼoa vitambaa, akafungwa tena, akavingʼoa tena, mpaka mama yake akashindwa. Miguu yake haikufungwa, na kwa kipande hicho cha ushahidi hatuhitaji neno lake peke yake, kwa sababu mwanamke huyo alitembea duniani kote mbele ya watu.

Kisha ikaja posa. Bibi yake alikwisha kumposea mwana wa gavana wa Guangdong. Kwa ukoo uliokuwa ukipanda ngazi, hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Binti alipopata akili ya kuuliza, akauliza huyo kijana ni mtu wa namna gani, na jibu halikumpendeza. Akachukua kalamu akamwandikia mwenyewe kijana barua ya kuuvunja uchumba. Hebu fikiria: msichana mdogo, bila mshenga, bila ruhusa, anamwandikia mwana wa gavana. Nyumba nzima iliaibika. Alipelekwa Tianjin kusoma katika shule ya wasichana ya Wamarekani, na huko Kiingereza na ulimwengu mwingine vikamfungukia.

Hapo ndipo ninapoiona mbegu ya kifungu cha 972. Sheria ya kamati haina saini ya mtu mmoja, na sitamtwika Zheng kalamu ya wenzake. Fu Bingchang alikuwa mwenyekiti, na Shi Shangkuan alikuwa bingwa wa sheria za Kijerumani. Ila katika watu watano waliokaa kwenye meza ile, mmoja tu ndiye aliyewahi kuposwa kama mbuzi wa mnada.

Mapinduzi nitayapita haraka. Alikwenda Japani, akajiunga na Tongmenghui, chama cha siri alichokiunda Sun Yat-sen mjini Tokyo mwaka 1905 ili kuung'oa ufalme wa Qing. Alirudi kaskazini mwa China akawa mbebaji. Kwa maelezo yake, alisafirisha mabomu kwa treni kutoka Tianjin hadi Beijing, na alimtumia rafiki wa kigeni mwenye hadhi ya kibalozi, asiyejua alichobeba, amshikie sanduku ili askari wasilipekue. Januari 1912 wenzake walimrushia bomu waziri mkuu wa Qing, Yuan Shikai, mjini Beijing akanusurika. Siku chache baadaye Liangbi, mmoja wa wakuu wa Kimanchu waliokataa kabisa mfalme ajiuzulu, alirushiwa lake na akafa kwa majeraha. Mfalme akaachia kiti mwezi uliofuata. Tatizo ni kwamba aliyekalia urais ni Yuan Shikai yule yule, na haikuchukua muda akaanza kuwasaka wanamapinduzi. Zheng akapanda meli kwenda Ufaransa.

Mjini Paris alisoma sheria, akapata shahada, na mwaka 1925 akachapisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu harakati za katiba nchini China. Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa maisha yake hulipita, nami nalisimamia. Msichana huyu aliyekimbia mfumo dume wa Kichina alikwenda kusoma sheria katika nchi ambayo kitabu chake cha sheria, kile cha Napoleon cha mwaka 1804, kilimweka mke aliyeolewa karibu na mtoto mdogo. Mke wa Kifaransa hakuweza kufunga mkataba wala kushtaki mahakamani bila idhini ya mumewe mpaka mwaka 1938. Wanawake wa Ufaransa waliruhusiwa uwakili mwaka 1900, lakini kura walipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Maprofesa waliomfundisha usawa walikuwa wakirudi nyumbani kwa wake wasioweza kusaini hati bila wao. Kwa hiyo yule anayesema Zheng alileta China usawa aliouona Ulaya amekosea. Ulaya alijifunza ufundi wa kuandika sheria. Usawa alikuwa nao tangu zile siku za vitambaa.

Sasa lile tawi la waridi. Mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda Vita Kuu yalikutana Paris. China ilikuwa upande wa washindi, ilipeleka vibarua zaidi ya laki moja nyuma ya mstari wa vita, na ilitarajia kurudishiwa haki ambazo Ujerumani ilizichukua katika jimbo la Shandong. Mkutano ukazitoa kwa Japani. Beijing wanafunzi waliingia barabarani tarehe 4 Mei, na vuguvugu hilo likabadilisha karne nzima ya China. Zheng alikuwa pamoja na ujumbe wa China Paris, akishughulika na waandishi wa habari. Mkuu wa ujumbe, Lou Tseng-Tsiang, alikuwa amejikalia Saint-Cloud nje ya jiji. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni, siku ya kutia saini Versailles, wanafunzi na wafanyakazi wa Kichina waliizingira nyumba yake. Mmoja wa wasaidizi wa ujumbe alitoka bustanini. Zheng anasema alikata tawi la waridi, akalificha kwenye mkono wa koti, akamkandamizia yule bwana ubavuni kama bastola, na kumwambia asithubutu.

Siku iliyofuata viti vya China Versailles vilibaki vitupu.

Je, tawi la waridi ndilo lililoizuia China kutia saini? Hapana. Wajumbe, Wellington Koo akiwa mstari wa mbele, walikuwa wameomba kwa wiki kadhaa watie saini huku wakiandika pingamizi kuhusu Shandong. Walikataliwa pingamizi ndani ya mkataba, wakakataliwa nje ya mkataba, wakakataliwa hata barua ya pembeni. Mtu aliyefungiwa milango yote haendi arusini. Lakini tawi nalo lilikuwa na kazi. Liliwakumbusha wajumbe kwamba ndege wa kurudi nyumbani atatua juu ya mti uliojaa vijana wenye hasira. Naliweka hapo, wala silipandishi zaidi.

Aliporudi na udaktari wake, alifungua ofisi ya uwakili Shanghai mwaka 1926, katika eneo la Wafaransa. Na hapa historia inatucheka. Kanuni za uwakili za Jamhuri ya China za mwaka 1912 zilisema wazi kuwa wakili awe mwanamume. Mwanamke wa Kichina hakuweza kuwa wakili mbele ya mahakama ya Kichina. Ila Shanghai ilikuwa imekatwa vipande na wageni, na katika kipande cha Wafaransa palikuwa na mahakama ya mchanganyiko iliyoutambua udaktari wa Paris. Kwa hiyo mzalendo aliyekaa usiku kucha Saint-Cloud akipinga ardhi ya China kugawiwa wageni, alipata mlango wa kazi yake kwa sababu ardhi ya China ilikuwa imegawiwa wageni. Mwaka 1927 serikali mpya ya Nanjing ilitoa kanuni nyingine zilizoliondoa neno hilo mwanamume, na wanawake wengine wakaingia. Mumewe, Wei Daoming, mdogo kwake kwa miaka kadhaa na daktari wa sheria wa Paris kama yeye, alikuwa naye ofisini humo. Baadaye Zheng alishika vyeo vya mahakama mjini Shanghai na kukiongoza chuo cha sheria. Vyeo hivyo vina nafasi yake kwenye wasifu. Mimi narudi kwenye karatasi.

Mwishoni mwa mwaka 1928 serikali hiyo ya Nanjing, ya Chiang Kai-shek, iliunda Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wake 49 waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Wanawake walikuwa wawili: Song Meiling, mke wa Chiang mwenyewe, na Zheng. Januari 1929 kamati ya watu watano ikaanza kazi. Walikuwa na haraka, na haraka hiyo ilikuwa na sababu ya kisiasa. Wageni walikuwa wakisema hawawezi kuachia mahakama zao China mpaka China iwe na sheria za kisasa. Basi kamati ikachota kwa Wajerumani, kwa Waswisi, kwa Wajapani, na Mfaransa Georges Padoux akiwa mshauri. Sehemu ya kwanza ilianza kutumika Oktoba 1929, ya mikataba na mali Mei 1930, na sehemu mbili za mwisho, ndoa na mirathi, tarehe 5 Mei 1931. Nchi ya watu zaidi ya milioni 400 ilibadilishiwa sheria ya nyumbani ndani ya muda usiotosha kumaliza shahada ya kwanza.

Nitataja mambo mawili tu. La kwanza ni mirathi. Zamani mali iligawanywa kwa wana wa kiume, na binti alipata cha kuondokea siku ya kuolewa. Kesi iliyoutikisa mji wa Shanghai ilikuja hata kabla ya kamati kuketi. Sheng Xuanhuai, tajiri wa meli, telegrafu na viwanda, alifariki mwaka 1916. Mjane wake alipofariki mwaka 1927, wana na wajukuu wa kiume wakagawana sehemu ya mali iliyokuwa imebaki. Binti yake Sheng Aiyi, ambaye hakuwa ameolewa, akawashtaki kaka zake mwaka 1928 akitegemea azimio la chama tawala la mwaka 1926 la usawa wa mwanamke katika urithi. Akashinda. Magazeti yalipata la kuandika, na kila nyumba yenye mali na mabinti ikahesabu upya. Lakini azimio la chama si sheria, na mwanzoni majaji walilisoma kwa jicho moja: binti asiyeolewa apate, aliyeolewa asipate. Kitabu kipya cha sheria kilikata mzizi wa ubishi. Kilisema warithi wa kwanza ni watoto wa damu, hakikuuliza ni wa kike au wa kiume, hakikuuliza ameolewa au la.

La pili ni talaka. Wanandoa waliweza kuachana kwa makubaliano, kwa maandishi na mashahidi wawili. Wasipokubaliana, sheria ilitaja sababu 10 za kwenda mahakamani, na mojawapo ni zinaa ya mwenzi, mume kwa mke. Rasimu za zamani zilimhukumu mke kwa zinaa yake na kumwacha mume aende zake. Miaka michache baadaye wanaume wa Baraza walijaribu kuurudisha mlango huo kupitia sheria ya jinai: rasimu ya mwaka 1934 ilitaka kumfunga mke mzinifu peke yake. Vyama vya wanawake vilichachamaa Nanjing na Shanghai, na kifungu kikaandikwa upya kuwagusa wote wawili.

Suria sasa. Neno hili lina historia yake nzito kwetu pwani, kwa hiyo tuelewane: nasema mwanamke aliyechukuliwa nyumbani na mwanamume mwenye mke, kwa kujulikana, akazaa watoto wa nyumba hiyo, lakini bila cheo cha mke. China ilijaa nyumba za namna hiyo, na wakuu wengi wa chama tawala walikuwa nazo. Wakuu wa chama waliamua kamati isiandike kitu. Hoja yao ilikuwa kwamba usuria ni jambo la kufutwa, na jambo la kufutwa haliwekewi kanuni. Ukiisikia haraka, utaipigia makofi. Ukiitazama vizuri utaona ni ujanja. Sheria iliyonyamaza haikumfukuza suria. Ilimwacha ndani ya nyumba bila haki za mke. Majaji wakamwingiza kwa mlango wa nyuma kama mwanakaya, yaani mtu anayeishi chini ya mkuu wa kaya. Na kwa kuwa kuchukua suria hakukuhesabiwa kuwa ndoa, mwanamume mwenye suria hakuhesabiwa kuoa wake wawili. Mke aliweza kudai talaka kwa zinaa, kama ana pa kwenda. Suria hakuwa na talaka ya kudai.

Hili si la nadharia. Meng Xiaodong alikuwa nyota wa opera ya Beijing aliyevuma kwa kuigiza wazee wa kiume, mwanamke mwenye sauti nzito na ndevu za bandia. Mei Lanfang alikuwa nyota mkubwa kuliko wote, mwanamume aliyeigiza wanawake. Mwaka 1927 wakaanza kuishi kama mume na mke, na Mei alikuwa na mke tayari. Kwa upande wa Mei ilielezwa kwamba yeye ni mrithi wa pande mbili za ukoo, kwa hiyo mila inamruhusu wake wawili walio sawa. Meng aliamini. Walipoachana mwaka 1931, inasimuliwa kwamba wakili aliyemsimamia ni Zheng Yuxiu, na suala lilimalizwa kwa mazungumzo na fedha. Kwa nini mazungumzo? Kwa sababu kesi haikuwapo. Mahakama haivunji ndoa ambayo sheria haiitambui. Mwaka 1933 Meng alilipia tangazo katika gazeti la Tianjin, likachapishwa kwa siku tatu, akieleza umma jinsi alivyodanganywa. Tangazo la gazeti ndilo lililokuwa mahakama yake. Kama kweli Zheng alikaa na mteja huyu, basi aliiona kwa karibu kazi ya ule ukimya ambao kamati yake mwenyewe iliuandika.

Wala si ukimya tu. Kuna vifungu vilivyoandikwa waziwazi dhidi ya mke, na jina la Zheng limo katika kamati iliyovitoa. Mke aweke jina la ukoo la mume mbele ya lake. Makazi ya mke ni makazi ya mume. Mali ya pamoja inasimamiwa na mume. Wakiachana kwa makubaliano, watoto wanakaa na baba isipokuwa wamekubaliana vingine. Wazazi wakitofautiana juu ya mtoto, neno la baba ndilo la mwisho. Umri wa kuoa miaka 18 kwa mvulana, kuolewa 16 kwa msichana. Wapo wanaomtetea kwa kusema kura moja haiwezi kushinda nne. Sikubali utetezi huo mzima mzima. Katika vitabu vyake sikuti mwanamke anayekubali kushindwa chumbani na kunyamaza nje. Nakuta mtu anayejivunia kazi nzima. Hukumu yangu ni kwamba alipigania zaidi mlango wa kuingia katika ndoa, yaani hiari, kuliko alivyopigania vyumba vya ndani. Alikuwa mwanamke tajiri, mwenye taaluma yake na mume aliyemheshimu. Vyumba vya ndani havikuwa vimemuumiza yeye.

Na sheria yenyewe ilifika wapi? Ilifika Shanghai, Nanjing, Tianjin, miji yenye mahakama na magazeti. Kijijini, ambako Wachina wengi waliishi, mshenga aliendelea na kazi yake. Kisha vita vya Japani vikaja mwaka 1937. Wei alikuwa balozi Washington kuanzia mwaka 1942, na Zheng akawa mke wa balozi, akizunguka na kuhutubia. Nyumbani alikuwa na maadui wa kutosha, na minongʼono ya utajiri na upendeleo ilimfuata yeye na ndugu zake. Wapo waliodai hata tasnifu yake iliandikwa na mwingine, dai ambalo wanawake wasomi wa kila nchi wanalijua harufu yake. Mei 1947, baada ya uasi na umwagaji damu ulioanza Februari kisiwani Taiwan, Wei aliteuliwa kuongoza serikali ya jimbo hilo, na akakaa hadi mwanzoni mwa 1949. Wakati ule Taiwan ilionekana kituo cha kupita tu.

Februari 1949 Chama cha Kikomunisti kiliagiza sheria zote za serikali ya Nanjing zifutwe. Kifungu cha 972 kilikufa China bara pamoja na vingine vyote, kabla hata ya serikali mpya kutangazwa.

Aliyekalia kiti cha Waziri wa Sheria katika serikali hiyo mpya alikuwa wakili mwingine mwanamke kutoka Shanghai, Shi Liang. Alizaliwa Changzhou mwaka 1900, hakwenda Paris, alisoma sheria Shanghai na kuanza uwakili mwaka 1931. Wakati Zheng yuko na wakuu, Shi Liang alikuwa akiwatetea wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1933 alisimama kumtetea Deng Zhongxia, kiongozi wa wafanyakazi, ambaye hatimaye alikabidhiwa Nanjing akapigwa risasi. Novemba 1936 serikali iliwakamata viongozi wa harakati za kuipinga Japani. Yeye alijificha, ikatolewa zawadi kwa atakayemkamata, kisha mwenyewe akajisalimisha Suzhou siku ya kuamkia mwisho wa mwaka. Magazeti yakawaita Waungwana Saba, kwa neno la Kichina ambalo kwa kawaida humwendea mwanamume. Kiswahili chetu hakina shida hiyo.

Shi Liang ndiye aliyesimamia mahakama zitekeleze Sheria ya Ndoa ya tarehe 1 Mei 1950. Ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, usuria na kuposa watoto. Ikaweka umri wa miaka 20 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke. Na tofauti na ile ya 1930, ilipelekwa kijijini kwa nguvu ya chama. Matokeo yalitisha. Wanawake waliodai talaka waliuawa na waume au wakwe, wengine walijiua, na viongozi wa chini waliwarudisha kwa nguvu nyumbani. Waziri mwenyewe alilazimika kulisema hadharani. Mwaka 1957, dhoruba ya kuwasaka waliokosoa chama ilipovuma, alisimama kuwashutumu wenzake wa zamani katika chama chake cha Muungano wa Kidemokrasia, akanusurika. Wizara yake haikunusurika. Ilivunjwa mwaka 1959, na haikurudi hadi 1979, miaka sita kabla ya kifo chake.

Mwaka huo huo wa 1959, tarehe 16 Desemba, Zheng Yuxiu alifariki Los Angeles. Yeye na mumewe walikuwa wameondoka China, wakaishi Brazil kwa muda, kisha Marekani. Saratani ilikuwa imemfanya akatwe mkono mmoja.

Kilichobaki kiko Taiwan, kile kituo cha kupita. Huko kitabu cha 1930 kiliendelea kuwa sheria, na mawakili na wabunge wanawake wa kizazi kingine wakaanza kukisafisha chumba kwa chumba. Neno la mwisho la baba juu ya mtoto lilitangazwa kinyume cha katiba mwaka 1994 na kuondolewa mwaka 1996, pamoja na upendeleo wake wa kukaa na watoto baada ya talaka. Lazima ya jina la mume na makazi ya mume iliondoka mwaka 1998. Usimamizi wa mume juu ya mali ulimalizwa mwaka 2002. Kosa la jinai la zinaa, lile lililopiganiwa mwaka 1934, lilifutwa na mahakama ya katiba Mei 2020. Tarehe 1 Januari 2023 umri wa msichana kuolewa ulipandishwa kutoka miaka 16 hadi 18, sawa na mvulana. Kifungu cha 972 hakikuguswa. Bado kina herufi 13.